Meno ya bandia yasiyocheza: mpango kwanza, meno baadaye

Ni familia chache zisizo na mtu aliyekosa jino moja, mawili au zaidi. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, tiba inayotolewa mara nyingi kuliko nyingine zote kwa mgonjwa wa meno ni kung'oa. Mtu huanza kuvumilia maumivu, akanywa vidonge vya kutuliza, akasukutua kwa maji ya chumvi, na anapofika kwa tabibu wa meno jino limekwisha kuoza kiasi cha kutoweza kuzibwa. Linang'olewa, maumivu yanakwisha, na mwenyewe anarudi shambani au kazini akishukuru. Baada ya miaka kumi, mapengo yamekuwa matano au sita. Kutafuna kunakuwa shida, kucheka anaziba mdomo kwa mkono. Hapo ndipo anapouliza habari za meno ya bandia.

Wengi huyapata. Lakini wengi pia huyaacha baada ya miezi michache, yakakaa ndani ya kikombe kabatini kwa sababu yanacheza, yanaumiza, au yanainuka kila mtu anapotafuna. Fedha zimekwenda bure. Tena kuna hasara kubwa kuliko ya fedha, ambayo wengi hawaifahamu: meno ya bandia yaliyotengenezwa bila mpango huweza kuyalegeza na kuyaua meno ya asili yaliyobaki. Mtu anayeingia akiwa na mapengo matano anaweza kutoka na mapengo kumi.

Mwezi huu tutaeleza meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, kwa mtu ambaye bado ana baadhi ya meno yake. Hatutaki kumfanya msomaji kuwa daktari. Tunataka ajue kinachoyafanya meno hayo yakae imara, ili ajue maswali ya kuuliza kabla hajatoa akiba yake.

JE, KILA PENGO LAZIMA LIZIBWE?

Kwanza tuelewe kinachotokea jino likiondoka. Meno hutegemeana kama matofali ya ukuta. Jino la jirani huanza kulalia upande wa pengo, na jino la taya la pili, ambalo sasa halina mwenzake wa kugongana naye, huweza kushuka au kupanda polepole kufuata nafasi iliyo wazi. Mfupa uliokuwa umelishikilia jino lililong'olewa nao hupungua, kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo.

Hata hivyo, si kila pengo linahitaji meno ya bandia. Mtu mzima mwenye meno yote ana meno 32, lakini huweza kula vizuri kwa meno machache kuliko hayo. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani lilitaja kuwa lengo ni mtu kubaki na meno yake ya asili yasiyopungua 20 maisha yake yote. Mapema zaidi, mwaka 1981, Arnd Käyser wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, alieleza kuwa watu wengi waliokosa magego ya nyuma huendelea kutafuna bila shida, mradi meno ya mbele na magego madogo yapo kamili na yanagongana.

Jambo hilo limechunguzwa pia hapa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa watu wenye magego madogo yote, pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayogongana, huweza kutafuna vya kutosha. Waliopata taabu kubwa, hasa kwa vyakula vigumu, ni wale waliobaki na jozi chache sana za magego madogo au wasio na jozi hata moja.

Kwa hiyo, daktari akikuambia kuwa kwa sasa huhitaji meno ya bandia, usidhani amekunyima huduma. Pengine amekuepusha na kitu ambacho kingekuletea madhara bila faida. Meno ya bandia hutengenezwa kwa sababu maalumu: mtu hawezi kutafuna, pengo liko mbele na linamsumbua katika kusema au mbele za watu, au meno yaliyobaki yanaanza kuhama.

AINA NNE ZA MAPENGO

Ukihesabu taya moja lenye meno 16, namna ambazo baadhi ya meno yanaweza kukosekana na mengine kubaki ni 65,534. Hakuna daktari awezaye kukariri zote. Ndiyo maana mwaka 1925 daktari wa meno wa New York, Edward Kennedy, alizipanga katika mafungu manne, na mafungu hayo hutumika hadi leo:

1. Magego ya nyuma yamekosekana pande zote mbili, kulia na kushoto.

2. Magego ya nyuma yamekosekana upande mmoja tu.

3. Pengo liko ubavuni, lakini lina jino mbele yake na jino nyuma yake.

4. Pengo moja liko mbele na linavuka katikati ya uso.

Tofauti ya mafungu haya ni kubwa sana. Fungu la tatu ni kama daraja lenye nguzo huku na huku: meno ya bandia hukaa katikati, na uzito wa kutafuna hubebwa na meno ya asili ya pande zote mbili. Fungu la kwanza na la pili ni kama ubao uliopigiliwa upande mmoja tu, upande wa pili unaning'inia. Hapa ndipo penye kazi ngumu, na hapa ndipo meno mengi ya bandia yasiyopangwa hushindwa.

UZITO UNABEBWA NA NANI?

Jino la asili limeshikwa ndani ya mfupa kwa nyuzi fupi na imara. Ukiliuma jambo gumu, hubonyea kidogo mno, huwezi hata kuona. Ufizi ni nyama laini iliyofunika mfupa, nao hubonyea mara kadhaa zaidi ya jino. Sasa fikiri kifaa kimoja ambacho mbele kimekaa juu ya jino na nyuma kimekaa juu ya ufizi. Mtu akitafuna, upande wa ufizi unazama, upande wa jino hauzami. Kifaa chote kinayumba kama bembea ya ubao, na jino lililoshikwa linang'ang'aniwa kama msumari unaotikiswa ili utoke.

Ukiutikisa msumari mara moja hautoki. Lakini mtu hutafuna mara nyingi mno kwa siku, na siku ni nyingi kwa mwaka.

Historia ina mfano unaojulikana sana. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Daktari wake wa meno, John Greenwood, alimtengenezea meno ya chini kwa pembe iliyotokana na meno ya kiboko, akaacha tundu ili jino lile moja lipite. Jino hilo nalo liling'olewa mwaka 1796. Utaalamu umebadilika sana tangu siku hizo, lakini swali la msingi limebaki lile lile: jino lililobaki litabeba nini, na litabeba kiasi gani?

MAMBO MATANO YANAYOLETA UIMARA

Daktari anapochora ramani ya meno ya bandia, huangalia mambo matano kwa utaratibu.

(1) Egemeo. Hiki ni kidole kidogo cha chuma kinachokaa juu ya jino la asili na kukizuia kifaa kisizame kwenye ufizi. Ili egemeo lisizuie meno kugongana, daktari hulichonga jino kidogo na kutengeneza kikalio chenye umbo la kijiko. Juu ya gego kina chake ni kama milimita 1 hadi 1.5. Kuchonga huku hakuumizi likifanywa inavyopasa, kwa kuwa kunaishia kwenye tabaka gumu la nje. Meno ya bandia yasiyo na egemeo lolote hutegemea ufizi peke yake, na hasa katika taya la chini huzama siku hadi siku.

(2) Kishikizo. Huu ndio mkono unaolikumbatia jino ili kifaa kisidondoke wala kisiinuliwe na vyakula vinavyonata. Jino lina kitumbo na chini yake lina kiuno. Ncha ya kishikizo hupita juu ya kitumbo na kutulia kiunoni. Kipimo chake ni kidogo ajabu: kishikizo cha chuma kigumu cha kobalti na kromu huingia kiunoni robo ya milimita tu, na cha waya laini zaidi huingia kama nusu milimita. Kikizidi hapo, kila unapovaa na kuvua unalivuta jino. Upande wa pili wa jino lazima pawe na mkono mwingine au bamba la kulizuia, ili jino lisisukumwe upande mmoja.

(3) Kiunganishi kikuu. Ni fito au bamba linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto. Lazima liwe gumu. Likipinda, kila upande unacheza peke yake. Katika taya la chini mara nyingi hutumika fito ya chuma inayopita nyuma ya meno ya mbele, chini ya ulimi. Inahitaji nafasi ya kama milimita 7 hadi 8 kutoka ukingo wa ufizi hadi sakafu ya mdomo: milimita 3 za kuuacha ukingo wa ufizi wazi, na zinazobaki ni za fito yenyewe. Kama nafasi haitoshi, hutumika bamba linalopanda hadi kwenye meno. Katika taya la juu kiunganishi hupita kwenye kaakaa, na inafaa kikae umbali wa kama milimita 6 kutoka ukingo wa ufizi, popote inapowezekana.

(4) Tandiko. Ni sehemu ya rangi ya ufizi inayobeba meno yenyewe. Mahali pasipo na nguzo ya nyuma, tandiko linapaswa kuenea kadiri mdomo unavyoruhusu. Atembeaye kwenye matope akiwa amevaa viatu vyenye visigino vyembamba huzama, lakini mwenye nyayo pana hupita. Ndivyo tandiko pana linavyogawa uzito juu ya ufizi mkubwa zaidi.

(5) Kizuizi cha kupinduka. Mtu akila kitu kinachonata, tandiko la nyuma huvutwa juu na kifaa chote hutaka kuzunguka. Wenzetu wa pwani wanaifahamu ngalawa na matengo yake: gogo jembamba lililochongwa lingepinduka kwa wimbi la kwanza, lakini matengo yaliyotandazwa mbali na ubavu huituliza. Katika meno ya bandia kazi hiyo hufanywa na egemeo la ziada, lililowekwa mbali na tandiko, upande wa pili wa mstari ambao kifaa hujizungusha juu yake.

Ukiona mambo haya matano, utatambua kwamba meno yenyewe meupe, ambayo mgonjwa huyatazama kwanza, ni sehemu ya mwisho ya mpango.

TUCHUKUE MFANO MMOJA

Tuseme mama wa miaka 52 amebakiwa na meno manane ya chini: manne ya mbele kabisa, chonge mbili, na gego dogo la kwanza kila upande. Nyuma ya hapo hakuna kitu, kulia wala kushoto. Meno ya juu yapo karibu yote. Anakula ugali na maharage, lakini nyama imemshinda, na makande anayameza mazima. Hili ni fungu la kwanza la Kennedy.

Njia ya haraka ni kuchukua vipimo siku ile ile na kumtengenezea bamba la plastiki lenye waya mbili. Atafurahi kwa wiki kadhaa. Kisha bamba litaanza kuzama, ukingo wake utausugua ufizi nyuma ya meno ya mbele, ufizi utashuka na mizizi itaonekana. Magego mawili madogo yaliyoshikwa na waya yataanza kutikisika.

Njia ya mpango ni tofauti. Daktari atapima kwanza kama meno yale manane ni imara, na kama mfupa wake ni mzuri kwa picha ya eksirei. Atayasafisha, atayaziba yaliyotoboka, atatibu ufizi unaotoka damu. Kisha ataweka egemeo juu ya kila gego dogo, lakini upande wake wa mbele, si ule unaopakana na pengo. Kwa nini? Kwa sababu egemeo likiwa mbele, tandiko likizama halilivuti jino kuelekea kwenye pengo kwa nguvu ile ile. Kishikizo kitakuwa chepesi, kinachotokea chini upande wa ufizi na kuligusa jino kwa ncha tu, ili tandiko likishuka ncha iachane na jino badala ya kulibana. Nyuma ya chonge mbili watachongewa vikalio vidogo: hivyo ndivyo matengo ya ngalawa yake. Fito ya chuma itapita chini ya ulimi. Tandiko litafika nyuma kabisa, hadi kwenye kinundu cha nyama laini kilicho mwisho wa taya.

Na meno ya bandia? Hatawekewa yote yaliyokosekana. Mara nyingi hupangwa machache na membamba kiasi, na gego la mwisho huachwa. Kila jino linaloongezwa nyuma ni uzito mwingine juu ya ubao unaoning'inia. Mgonjwa akisema, "Mbona umenipunja jino?", ajue kuwa hiyo ni hesabu ya kuyalinda manane aliyonayo.

SAFARI YA KUTENGENEZA

Kazi iliyofanywa vizuri hupita hatua kadhaa, kwa hiyo uwe tayari kurudi kliniki mara nne, tano au zaidi.

Kwanza ni uchunguzi na matibabu ya mdomo mzima. Kujenga meno ya bandia juu ya ufizi mgonjwa ni kujenga nyumba juu ya mchanga. Kama kuna meno yaliyong'olewa karibuni, daktari anaweza kukuambia usubiri miezi kadhaa mfupa utulie, au akupe kifaa cha muda.

Pili, huchukuliwa alama ya meno kwa dawa laini inayoganda, na kutokana nayo hutengenezwa sanamu ya taya kwa plasta. Sanamu hiyo huwekwa kwenye kipimio chenye fimbo ya wima, inayopitishwa kuzunguka kila jino. Fimbo huonyesha kitumbo cha kila jino kiko wapi, kiuno kiko wapi, na kifaa kitaingia kwa njia ipi. Hapo ndipo ramani huchorwa. Hatua hii mgonjwa haioni, na ndiyo inayorukwa na wenye haraka.

Tatu, daktari huchonga vikalio kwenye meno, kisha huchukua alama mpya iliyo sahihi zaidi na kuipeleka maabara pamoja na ramani. Yafaa ifahamike kuwa mchoraji wa ramani ni daktari aliyeuona mdomo. Fundi wa maabara ni mtaalamu wa kutengeneza, na ushauri wake una thamani, lakini hakuyatikisa meno yako kwa kidole akajua lipi ni bovu.

Nne, fremu ya chuma hujaribiwa mdomoni kabla ya kuwekwa meno. Ikiwa haikai vizuri peke yake, haitakaa vizuri ikiongezewa meno.

Tano, meno hupangwa kwenye nta na kujaribiwa. Huu ndio wakati wako wa kusema. Tazama rangi kwenye mwanga wa mchana, njoo na ndugu unayemwamini, soma kwa sauti, tabasamu. Nta hubadilishwa kwa urahisi, plastiki iliyokwisha kuiva haibadilishwi hivyo.

Sita, unavalishwa, unafundishwa kuvaa na kuvua, na unarudi baada ya siku chache kwa marekebisho. Usikose kurudi hata kama huoni tatizo.

PLASTIKI AU CHUMA?

Fremu ya kobalti na kromu ni nyembamba, ni ngumu, na huweza kubeba maegemeo na vishikizo vya kipimo sahihi. Ni ghali zaidi, na si kila hospitali ina maabara ya kuisubu.

Plastiki ngumu, iliyoanza kutumika katika meno ya bandia mwishoni mwa miaka ya 1930, ni ya bei nafuu na huongezewa jino kwa urahisi. Katika taya la juu inaweza kufanya kazi kwa muda mrefu, kwa sababu kaakaa ni pana na linasaidia kubeba. Katika taya la chini, mahali pembamba, ndipo hatari ya kuzama ni kubwa. Kama uwezo wa familia unaishia kwenye plastiki, usikate tamaa. Mwombe daktari mambo matatu: maegemeo ya waya juu ya meno pale inapowezekana, ukingo wa ufizi uachwe wazi, na uchunguzi wa mara kwa mara. Plastiki iliyopangwa ni bora kuliko chuma kisichopangwa.

Siku hizi kuna pia meno ya bandia ya nailoni inayopinda. Hayana waya zinazoonekana, na watu huyapenda kwa uzuri. Lakini kwa kawaida hayana egemeo, hupinda wakati wa kutafuna, na ni magumu kurekebishwa. Kwa pengo dogo la mbele yanaweza kufaa. Kwa mapengo marefu ya nyuma, matatizo ya kuzama tuliyoyaeleza hubaki pale pale.

Aidha, jihadharini na watu wanaotengeneza meno nyumbani au sokoni na kuyagandisha kwa plastiki ya kuchanganya papo hapo juu ya meno ya asili. Kitu kilichogandishwa hakivuliki wala hakisafishiki. Chakula huoza chini yake, ufizi huvimba, na meno yaliyogandishiwa hung'olewa pamoja nacho.

UTUNZAJI NYUMBANI

1. Vua usiku wakati wa kulala, yaweke kwenye maji safi ya baridi. Ufizi nao unahitaji kupumzika. Anayelala nayo kila siku huweza kupata wekundu na ukungu wa mdomoni chini ya bamba.

2. Safisha kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida baada ya kula. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza plastiki. Shika juu ya beseni lenye maji, ili yakidondoka yasivunjike.

3. Usitumie maji ya moto, hupindisha plastiki. Usiloweke fremu ya chuma kwenye dawa ya kung'arisha nguo, huiharibu.

4. Piga mswaki meno ya asili kwa dawa yenye floraidi, hasa yale yanayoshikwa na vishikizo. Uchafu hujificha hapo, na jino likioza mpango wote huanguka.

5. Usiyaume meno ili yaingie mahali pake. Yasukume kwa vidole kufuata njia yake. Kishikizo kikipinda, usikikunje kwa koleo, rudi kliniki.

6. Anza na vyakula laini, vipande vidogo, ukitafuna pande zote mbili. Mahindi ya kuchoma yapukuchue kwanza, na muwa ukate vipande vidogo badala ya kuumenya kwa meno.

7. Rudi kwa uchunguzi walau mara moja kwa mwaka. Mfupa hupungua, na tandiko huhitaji kuongezwa plastiki kwa chini ili ligusane tena na ufizi.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Nifanye nini nikiyameza? Nenda hospitali mara moja. Usimeze tonge la ugali ili kuyasukuma, kwa kuwa vishikizo huweza kuchana koo. Mweleze daktari kama ni plastiki tupu, maana hiyo huenda isionekane kwenye eksirei. Mwenye kifafa amweleze daktari wa meno kabla ya kutengenezewa, na kila anayekwenda kufanyiwa upasuaji avue meno yake na kuwaambia wauguzi.

Mbona yananifanya nitoe mate mengi na kusema kwa kitembe? Mdomo umeyaona kama kitu kigeni. Kwa kawaida hali hiyo hupungua baada ya siku au wiki chache. Soma kwa sauti nyumbani. Lakini kidonda au maumivu yasiyopungua si jambo la kuzoea, rudi yakarekebishwe.

Nina kisukari, naweza kuvaa? Unaweza, lakini ugonjwa wa ufizi hushika haraka zaidi kisukari kisipodhibitiwa. Dhibiti sukari, safisha vizuri, na rudi mara nyingi zaidi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kabla ya kulipa, muulize daktari maswali manne: Je, nayahitaji kweli? Meno yangu yaliyobaki yametibiwa? Uzito utakaa juu ya meno au juu ya ufizi? Nirudi lini kuangaliwa? Daktari mzuri hatachukia kuulizwa.

Na ninyi wazazi, mpelekeni mtoto kwa tabibu wa meno jino likiwa na tundu dogo, wakati bado linazibika. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la jino huzibwa kwa siku moja. Ukuta wa meno ya bandia, hata uliojengwa kwa mpango mzuri, utautunza maisha yako yote.